Chungu Ndani ya Bati: Historia ya Kihami Joto na Ukarabati Wake katika Majiko ya Mkaa ya Mwanza na Mwambao wa Ziwa Victoria

Ikisiri

Historia ya majiko banifu katika Afrika Mashariki imezoeleka kusimuliwa kama historia ya kuenea kwa umbo moja: jiko lilibuniwa, mafundi wakafunzwa, likauzwa, likahesabiwa. Insha hii inachunguza sehemu ya jiko ambayo kwa kawaida haihesabiwi, yaani chungu cha udongo kinachoshika mkaa pamoja na tabaka la kuzuia joto lililo kati ya chungu hicho na bati. Insha inafuatilia maarifa ya udongo unaostahimili moto kandokando ya Ziwa Victoria, kuingia kwa jiko la bati mijini, kubuniwa kwa jiko la bati na udongo katika miaka ya 1980, na kuja kwa majiko ya peleti katika karne hii. Hoja yake kuu ni kwamba ubora wa jiko banifu unakaa katika sehemu inayochakaa kwanza. Kwa hiyo, historia inayohesabu majiko bila kuuliza ni nani aliyebadilisha chungu kilichopasuka inapima bati, haipimi kuni wala mkaa uliookolewa.

1.0 Utangulizi

Jiko la mkaa la bati lenye chungu cha udongo ndani ni chombo cha kawaida katika miji ya mwambao wa Ziwa Victoria, kuanzia Kisumu na Kampala hadi Musoma, Mwanza na Bukoba. Ukawaida huo umelifanya lisipewe nafasi kubwa katika maandishi ya kihistoria. Wanahistoria wa eneo hili wameandika kwa kina kuhusu pamba, reli, meli na uvuvi wa sangara. Jiko limeachiwa wahandisi na wataalamu wa misitu, ambao swali lao kwa kawaida huwa ni kiasi gani cha nishati kinaokolewa siku jiko linapopimwa likiwa jipya.

Jiko hilo lina sehemu tatu zinazohusu mjadala huu. Ya kwanza ni ganda la bati, lenye miguu, vishikio, mlango wa hewa na vishikilia sufuria. Ya pili ni chungu cha ndani, ambacho kitako chake kina matundu ya kupitishia hewa na kuangushia majivu. Ya tatu ni tabaka jembamba linaloshikamanisha chungu na bati, ambalo hutengenezwa kwa saruji iliyochanganywa na vermikulaiti, madini ya jamii ya ulanga yanayotanuka yakipashwa joto, au kwa mchanganyiko wa udongo na majivu. Bati hulipa jiko umbo na nguvu. Chungu na tabaka lake huzuia joto lisipotelee pembeni.

Sehemu hizi hazizeeki pamoja. Bati linaweza kudumu huku chungu kimekwisha kupasuka. Hata hivyo, jiko lenye chungu kilichovunjika halisimami kama baiskeli iliyokatika mnyororo. Linaendelea kupika, ila mkaa unaotumika huongezeka kidogo kidogo, bila kelele na bila kumbukumbu. Ukimya huo ndio chanzo cha tatizo la kihistoria linalojadiliwa hapa.

2.0 Udongo na Moto kabla ya Jiko la Bati

Maarifa ya kuchagua udongo kwa ajili ya moto yana umri mkubwa katika eneo hili. Vyungu vya aina ya Urewe, vilivyopewa jina la mahali palipo Siaya nchini Kenya, vimepatikana katika pande nyingi za ziwa na vinahusishwa na jamii za wakulima na wafua chuma wa mwanzo, kuanzia takriban mwaka 500 KK. Katika Buhaya, mkoani Kagera, uchimbaji wa Peter Schmidt huko Katuruka na Kemondo ulionyesha kwamba uyeyushaji wa chuma ulikuwa umeota mizizi magharibi mwa ziwa tangu nyakati hizo za mwanzo. Dhana ya Schmidt kwamba mafundi hao walipasha hewa joto kabla haijafika ndani ya tanuru ilipingwa na watafiti wengine. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba kazi hiyo ilihitaji udongo wa kustahimili joto kali.

Ushahidi mmoja wa uyeyushaji huo una uzito wa pekee katika mjadala huu, nao ni kewa, yaani bomba la udongo lililopeleka hewa ya mivuo ndani ya tanuru. Vipande vya kewa vyenye ncha zilizoyeyuka ni miongoni mwa mabaki ya kawaida katika maeneo ya uyeyushaji. Mafundi walijua kwamba kewa italiwa na moto, wakaifinyanga wakiwa na hesabu hiyo, na kabla ya kuyeyusha tena wakafinyanga nyingine. Sehemu ya udongo inayochakaa na kubadilishwa ilikuwa jambo la kawaida la ufundi, na haikuhesabiwa kuwa kasoro.

Upande wa kusini, katika Usukuma, wakulima walikuwa na majina ya udongo kulingana na mahali ulipo kwenye mteremko: luseni, wa kichanga karibu na miamba ya matale, itogolo, mgumu wa katikati, na mbuga, mweusi wa bondeni. Mpangilio wa aina hii ndio alioueleza mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne katika miaka ya 1930, katika kazi yake iliyoipa sayansi ya udongo dhana ya mfuatano wa udongo mtelemkoni. Maarifa haya yana maana ya moja kwa moja kwa mfinyanzi. Udongo mweusi wa mbuga hufura unapolowa na kupasuka unapokauka, kwa hiyo ukitumiwa peke yake huzaa chungu chenye nyufa. Mfinyanzi hana budi kutafuta udongo usiofura sana, au kuupunguza makali kwa mchanga au vigae vilivyosagwa.

Ufinyanzi wenyewe haukuwa na sura moja. Katika Nyanza ya Kenya ulikuwa hasa kazi ya wanawake, ilhali Buganda ulikuwa hasa kazi ya wanaume. Uhunzi nao ulikuwa na wenyewe. Katika Usukuma na Uzinza wahunzi walijulikana kama Balongo, na majembe yao yaliuzwa mbali na yalikuwa sehemu ya mahari. Mfinyanzi na mhunzi walikuwa watu wawili, wenye miiko miwili na masoko mawili. Mgawanyiko huu ulikuja kuwa na athari katika jiko la kisasa, ambalo linahitaji mikono yote miwili.

3.0 Jiko la Bati na Mji

Kwa upishi wa nyumbani, mafiga matatu yalitosha mahali ambapo kuni zilipatikana kwa kuokotwa. Mji ulibadili hali hiyo. Mwanza ilianzishwa na Wajerumani kama kituo cha utawala mwaka 1892. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901 na kuifungua biashara ya meli ziwani. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Pamoja na reli na meli zilikuja bidhaa zilizofungwa katika madebe na mapipa, na vyombo hivyo vilipokwisha kazi viligeuka kuwa malighafi ya mafundi bati.

Jiko la bati la mkaa lilifaa maisha ya chumba cha kupanga: linabebeka, halitoi moshi mwingi kama kuni, na linaweza kuwashwa barazani. Waandishi kadhaa wanalihusisha jiko hilo na mafundi na wafanyabiashara kutoka India waliofika wakati wa ujenzi wa reli. Vyovyote ilivyokuwa, lilikuwa na dosari moja ya kifizikia. Bati hupitisha joto upesi, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu ya mkaa iliishia kupasha hewa ya nje na miguu ya mpishi. Vipimo vya baadaye vilikadiria kwamba ni asilimia 10 hadi 20 tu ya nishati ya mkaa iliyofika kwenye sufuria.

Gharama ya upotevu huo ililipwa na mashamba na misitu. Usukuma ilikuwa imekwisha kupoteza miti mingi kwa kufyeka vichaka ili kuangamiza mbung'o, kwa kilimo cha pamba na kwa malisho ya ng'ombe. Serikali ilipoanzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, upungufu wa kuni ulikuwa mojawapo ya sababu, na ngitili, yaani malisho yaliyotengwa kwa desturi ya Kisukuma, ikawa msingi wa kurejesha miti. HASHI ilishughulikia upande wa kuzalisha kuni. Upande wa kuzitumia ulibaki jikoni.

4.0 Nairobi na Kuzaliwa kwa Jiko la Bati na Udongo

Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mjini Nairobi kuhusu vyanzo vipya na jadidifu vya nishati. Katika miaka iliyofuata, wataalamu na mafundi wa Kenya, miongoni mwao Maxwell Kinyanjui, walitengeneza jiko lililochukua wazo kutoka kwenye jiko la ndoo la Thailand. Mradi wa nishati jadidifu uliofadhiliwa na Marekani uligharimia majaribio, na muungano wa asasi uitwao KENGO ulisaidia kufunza mafundi. Jiko la Thailand lilikuwa ndoo iliyojazwa udongo kutoka juu hadi chini. Jiko la Kenya lilibanwa kiunoni na kupanuliwa chini, chungu kikawekwa sehemu ya juu peke yake. Uzito ulipungua, udongo uliohitajika ukapungua, na bei ikashuka.

Matokeo yalikuwa makubwa. Daniel Kammen, akiandika mwaka 1995, alikadiria kwamba zaidi ya majiko 700,000 ya aina hiyo yalikuwa yakitumika Kenya na kwamba zaidi ya nusu ya kaya za mijini zilikuwa nayo. Ufanisi wake ulikadiriwa kuwa asilimia 25 hadi 40. Takwimu hizi zimenukuliwa mara nyingi, na kwa haki, kwa sababu ni mfano adimu wa teknolojia ya maendeleo iliyoendelea sokoni baada ya ruzuku kwisha.

Hata hivyo, ufanisi uliopimwa ulikuwa wa jiko lenye chungu kizima. Kadiri soko lilivyopanuka, ndivyo lilivyovutia pia watengenezaji waliopunguza gharama kwa vyungu visivyochomwa sawasawa, au kwa kuacha kabisa tabaka la kushikamanisha. Kwa macho, jiko zuri na jiko baya halitofautiani siku ya kununuliwa, kwa kuwa mnunuzi huona bati na rangi ilhali tofauti imefichwa ndani.

5.0 Kulizunguka Ziwa: Kisumu, Dar es Salaam, Mwanza

Nchini Kenya, mwambao wa ziwa ulishiriki katika historia hii kwa njia yake. Karibu na Kisumu, vikundi vya wanawake wafinyanzi, Keyo kikiwa kimojawapo, vilitengeneza vyungu kwa ajili ya jiko la kuni lililojulikana kama Maendeleo na baadaye Upesi. Mradi wa majiko ya vijijini wa magharibi mwa Kenya, uliosimamiwa na shirika la ITDG pamoja na KENGO, uliwatambua wanawake hao kama wazalishaji wenye biashara, na haukuwaona kama wapokeaji wa msaada tu. Jiko la Upesi halikuwa na bati: chungu kiliuzwa chenyewe, kikajengewa kwa matope jikoni. Kwa hiyo chungu kilikuwa na bei yake na soko lake. Kilipopasuka, mwenye nyumba alijua anachokwenda kununua.

Tanzania ilipokea jiko la bati na udongo kwa njia ya Dar es Salaam. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mradi wa Wizara ya Nishati na Madini uliosaidiwa na Benki ya Dunia ulieneza jiko lililoitwa Jiko Bora. Taasisi mbili za nchini zilikuwa na kazi ya jirani: CAMARTEC, iliyoanzishwa Arusha mwaka 1981 kwa ajili ya zana za kilimo na teknolojia za vijijini, na TaTEDO, asasi ya nishati iliyoanza mwaka 1990. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, lilihudumia mafundi wadogo mikoani, Mwanza ikiwemo.

Mwanza ilikuwa mbali na Dar es Salaam lakini karibu na Kisumu kwa maji. Ilipata hadhi ya jiji mwaka 2000, na kukua kwake kuliongeza wanunuzi wa mkaa ambao hawakuwa na shamba la kuokota kuni. Mji ulikuwa na bati, mafundi, na udongo wa aina nyingi katika mabonde yanayouzunguka. Mji ulikosa kiungo cha kudumu kati ya anayefinyanga na anayekunja bati. Chungu cha jiko si chungu cha maji. Lazima kipenyo chake kilingane na bati la fundi fulani, na bati hilo hukatwa kwa kipimo cha fundi huyo. Pasipo kipimo cha pamoja, chungu cha mfinyanzi mmoja hakiingii katika jiko la fundi mwingine. Hapo mwenye jiko lililopasuka hubakiwa na njia mbili: kununua jiko jipya zima, au kuendelea na lile lililopo.

6.0 Kuchakaa na Kubadilisha

Sababu za kupasuka kwa chungu zinajulikana. Bati hutanuka upesi na kwa kiasi kikubwa kuliko udongo. Tabaka la kati lipo ili kupokea tofauti hiyo, na lisipokuwepo chungu hubanwa au hulegea. Unyevu uliobaki ndani ya chungu kipya hugeuka mvuke katika moto wa kwanza na kukipasua, ndiyo maana moto wa kwanza unapaswa kuwa mdogo. Sababu nyingine ni desturi ya kunyunyizia maji mkaa uliobaki ili kuuokoa. Desturi hiyo ni ya uchumi wa kweli, kwa sababu mkaa uliozimwa huwaka tena kesho. Lakini maji baridi juu ya udongo wenye joto kali huleta ufa. Mkaa unaofunikwa kwa majivu au kuhamishiwa chombo chenye mfuniko huokolewa vilevile, na chungu husalimika.

Kubadilisha chungu hakuhitaji kiwanda. Fundi hutoa vipande vya zamani, hukwangua tabaka lililoshikamana na bati, hukagua kama bati limeliwa na kutu, kisha hukilaza chungu kipya juu ya mchanganyiko mbichi na kuujaza pembeni bila kuacha uwazi. Penye saruji, jiko huachwa siku kadhaa likitunzwa na unyevu ili saruji ishike, ndipo likaushwe na kuwashwa taratibu. Vermikulaiti isipopatikana, majivu na udongo hufanya kazi hiyo, japo kwa uimara mdogo zaidi. Ufa mwembamba huzibwa kwa mchanganyiko huohuo. Kitako chenye matundu kikianguka, kuziba hakusaidii tena.

Kazi hiyo ni ndogo, na kwa sababu ni ndogo haikuingia katika taarifa za miradi. Vigezo vyao vilikuwa idadi ya majiko yaliyouzwa na mafundi waliofunzwa. Aliyebadilisha chungu hakuuza jiko jipya, kwa hiyo hakuhesabiwa. Gharama ya kimya ililipwa na mpishi, ambaye kwa kawaida ni mwanamke, kupitia fedha ya mkaa ya kila siku. Inafaa kusema pia kile ambacho chungu hakifanyi: hakiondoi hewa ya sumu ya monoksidi ya kaboni inayotoka kwenye mkaa. Chungu kizima huokoa mkaa. Hakifanyi chumba kilichofungwa kuwa salama.

7.0 Peleti na Swali Lilelile

Katika karne hii jiko lingine limeingia katika mjadala: jiko la peleti, yaani vijiti vifupi vya mabaki ya mbao au mimea vilivyoshindiliwa kwa mashine. Afrika Mashariki ina nafasi katika historia yake. Paal Wendelbo wa Norway aliliendeleza jiko la kugeuza kuni kuwa gesi, Peko Pe, miongoni mwa wakimbizi wa Adjumani, kaskazini mwa Uganda. Nchini Rwanda, kampuni ya Inyenyeri iliwapa wateja jiko la peleti bila kuwauzia, ikawauzia peleti, na ikabeba yenyewe jukumu la kulitengeneza linapoharibika. Mwambao wa Mwanza, wenye makapi ya mpunga na unga wa mbao, una malighafi ya nishati ya namna hiyo.

Jiko la peleti linategemea kihami joto kuliko jiko la mkaa. Gesi inayotoka kwenye peleti lazima iungue ndani ya chumba chenye joto kali, na chumba kikipoa gesi hutoka kama moshi. Majiko ya peleti ya kupasha nyumba joto huko Ulaya na Marekani huzungushiwa vibao vya vermikulaiti na kamba za nyuzi za kioo mlangoni, na vyote viwili huuzwa kama vipuri vya kubadilishwa. Madini ni yaleyale yaliyotumiwa katika jiko la Nairobi. Tofauti ipo katika duka la vipuri.

Mfano wa Rwanda ulijibu swali la ukarabati kwa kuufanya kuwa wajibu wa mmiliki mmoja, na ulikuwa jibu la busara. Kampuni hiyo baadaye ilifunga shughuli zake, na hapo udhaifu wa jibu hilo ukadhihirika: wajibu uliowekwa mahali pamoja huondoka na mahali hapo.

Swali hili sasa lina uzito wa fedha na sera. Mwezi Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Kanuni za biashara ya kaboni zilitolewa nchini mwaka 2022, na majiko ni miongoni mwa miradi inayouza viwango vya kaboni duniani. Mwaka 2024, Annelise Gill-Wiehl, Kammen na Barbara Haya walichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba miradi ya majiko waliyoichunguza ilidai upunguzaji mkubwa kuliko uliothibitika, kwa takriban mara 9. Sababu walizozitaja ni nyingi, na jinsi jiko linavyotumika kwa kweli nyumbani ni mojawapo. Kwa mtazamo wa insha hii, jiko lenye chungu kilichovunjika ni mfano dhahiri wa pengo hilo: limo katika hesabu, lakini faida yake imekwisha.

8.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha mwendelezo na mkatiko. Mwendelezo upo katika maarifa ya udongo: tangu kewa za Buhaya hadi vyungu vya Kisumu, wakazi wa mwambao wamejua kwamba sehemu inayokutana na moto huliwa, na kwamba fundi mwema huwa na nyingine tayari. Mkatiko ulitokea jiko lilipofungwa ndani ya bati na kuuzwa kama kitu kimoja. Chungu kilipoteza jina lake, bei yake na mwenyewe.

Linalofuata kwa watafiti ni kubadili kipimo. Uchunguzi wa majiko Mwanza na miji jirani unapaswa kuanza na hali ya chungu katika majiko yaliyokwisha kutumika, ukiandika umri wake, aina ya ufa na aliyekikarabati. Kwa watunga sera, hatua ya kwanza inaweza kuwa ndogo kuliko mkakati wowote: vipenyo vichache vilivyokubaliwa kati ya wafinyanzi na mafundi bati, ili chungu kiuzwe peke yake sokoni. Jiko la Upesi lilikwisha kuonyesha, upande wa pili wa ziwa hilihili, kwamba wanunuzi wa chungu wapo pale chungu kinapopatikana.